Malezi na Ulinzi wa Mtoto katika Nchi ya Nyakach: Historia ya Desturi, Sheria na Maneno

1. Utangulizi

Katito ni soko lililo katika nchi ya Nyakach, Kaunti ya Kisumu, kusini ya Ghuba ya Winam. Hapo njia itokayo Ahero hugawanyika: moja huelekea Sondu na Kisii, na nyingine huelekea Pap Onditi, Kendu Bay na Homa Bay. Mahali pa namna hiyo, penye magari, wachuuzi na wageni wa kila siku, ndipo panapomjia mtu swali ambalo makala haya yanakusudia kulichunguza: mtoto asiye na wa kumtetea hulindwa na nani? Swali hilo huzaa la pili: huyo aliyepewa kazi ya kumlinda amepewa nini cha kumwezesha kuifanya?

Mambo haya yamezoea kuandikwa na wanasheria, waganga na maafisa wa ustawi wa jamii. Wataalamu wa lugha hawakuyashughulikia sana, kana kwamba hayawahusu. Lakini ulinzi wa mtoto ni jambo linalotegemea usemi tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto hana budi kusema yaliyompata, mlezi hana budi kuyafahamu na kuyapeleka mbele, na mwamuzi hana budi kuyasikia kwa jina lake halisi. Palipo na neno linalomwaibisha aliyeumizwa, au palipo na sheria iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mlezi, mlolongo huo hukatika mapema.

Katika kurasa zifuatazo tutaeleza kwanza jinsi malezi yalivyokuwa katika mji wa Kijaluo, kisha jinsi kodi na kazi za mshahara zilivyoyabadili, kisha sheria zilizotungwa tangu enzi ya ukoloni hadi mwaka 2022, na balaa la UKIMWI lililowarudishia bibi vizee kazi ya ulezi. Mwisho tutayatazama maneno yenyewe. Hoja yetu ni kwamba katika vipindi vyote hivyo jamaa hawakukosa huruma kwa mtoto. Kilichopungua, kipindi baada ya kipindi, ni nyenzo mikononi mwa mlezi, na watu wa nje ya nyumba wenye haki ya kutazama yanayotendeka ndani.

2. Siwindhe na duol

Katika mji wa Kijaluo, ambao wenyewe huuita dala, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa hakuendelea kulala nyumbani mwa mama yake daima. Alipelekwa katika nyumba iliyoitwa siwindhe, akakaa na watoto wenzake chini ya bibi kizee aliyeitwa pim. Wavulana walihama wakaribiapo kubalehe, wakafuata mazungumzo ya wanaume katika duol, kibanda cha mwenye mji, ambamo moto uliwashwa jioni na habari za ukoo zikasimuliwa. Wasichana walikaa kwa pim hadi karibu na kuolewa. Huko walifunzwa hadithi, vitendawili, majina ya koo na mipaka yake, na mambo ya mwili ambayo mama mzazi aliona haya kuyataja mbele ya bintiye. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotoka mwaka 1989, wameonyesha kwamba pim alikuwa nguzo ya elimu ya Wajaluo, ingawa hakutajwa katika nasaba za wanaume.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba pim aghalabu alitoka nje ya ukoo wa mwenye mji. Alikuwa mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, asiyekuwa na mtoto wa kumpendelea wala shamba la kugombania katika mji ule. Twaweza kukisia kwamba hali hiyo ilimpa uhuru fulani. Mtoto aliyepigwa kupita kiasi, au aliyenyimwa chakula na mke mwenza wa mama yake, alikuwa na mtu mzima wa kumwendea usiku uleule. Si bure kwamba katika Kijaluo neno nyieka, yaani mke mwenza, hukaribiana na neno nyiego, yaani wivu. Lugha yenyewe ilikiri kwamba mji wa wake wengi ulikuwa na hatari zake kwa watoto, na siwindhe ilikuwa mojawapo ya njia za kuzipunguza.

Vivyo hivyo mjane na watoto wake hawakuachwa bila mpango. Mjane huitwa chi liel, maana yake mke wa kaburi, na kwa desturi ya ter alitwaliwa na ndugu wa marehemu, ambaye aliwalea watoto kwa jina la marehemu wala si kwa jina lake. Mtoto yatima, ambaye Wajaluo humwita nyathi kich, alikuwa na haki ya shamba kwa baba aliyekwisha kufa.

Hata hivyo tusiipambe picha hii kupita kiasi, maana wako waandishi waliokwisha kuusifu ujima wa kale hata wakasahau waliodhurika ndani yake. Mtoto aliyechukuliwa mimba kabla ya mama yake kuolewa na mwenye mji aliitwa kimirwa, na neno hilo lilimfuata hadi utu uzima, hasa shamba lilipogawanywa. Msichana hakuulizwa sana juu ya mume. Tena mambo mengi yaliyohusu mwili yalifungwa katika miiko, iitwayo kweche, na aliyeivunja alitazamiwa kupatwa na chira, ugonjwa wa kukonda na kufifia. Mwiko ulizuia maovu mengi, kwa kuwa mtu aliogopa kujamiiana na jamaa wa karibu. Lakini uovu ulipokwisha kutendeka, mwiko uleule uliwafunga watu midomo, kwa sababu kuutaja ni kuutangazia ukoo mzima hatari. Kinga na ukimya vilitoka katika chanzo kimoja. Hali hiyo tutaikuta tena mbele.

3. Kodi, kazi na watoto, 1901–1939

Reli ilifika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Pamoja na reli ilikuja kodi ya nyumba, na kwa ajili ya kodi wanaume walianza kwenda kutafuta fedha mbali na miji yao. Vita Vikuu vya Kwanza vilichukua maelfu ya watu wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Baada ya vita kipande kilianza kutumika. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka uliowataka maafisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Waraka huo uliwataja pia wanawake na watoto: palipo na mashamba ya walowezi karibu na makazi ya Waafrika, nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Hivyo mtoto wa Kiafrika alitambuliwa katika karatasi za serikali kuwa mfanyakazi kabla hajatambuliwa kuwa mtu anayestahili kulindwa.

Watu wa Nyanza hawakunyamaza. Mkutano wa Lundha, katika nchi ya Gem, mwezi Desemba 1921, ambao wengi wanaukumbuka kwa jina la Piny Owacho, ulilalamikia kodi, kipande na kambi za kazi za lazima. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Edwin Owen wa misheni ya Kianglikana alikiongoza chama kilichoitwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Wanahistoria wamebishana juu ya Owen. Wengine wanasema aliipoza siasa ya Wajaluo kwa kuigeuza kuwa mambo ya afya, vyoo na vitanda, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini katika habari za watoto rekodi yake ni safi. Aliandika bila kuchoka, hata katika magazeti ya Uingereza, akiwashutumu watawala kwa kuwatumia wanawake na wasichana katika kazi za barabara, na baadaye kwa kuruhusu watoto kuajiriwa.

Kwa watu wa Nyakach habari za ajira hiyo hazikuwa za mbali. Upande wa mashariki, juu ya mlima, iko Kericho, ambako makampuni makubwa ya chai yalianza kupanda katikati ya miaka ya 1920. Uchumaji wa chai ulihesabiwa kuwa kazi inayofaa mikono midogo, na wavulana kutoka Nyanza walikwenda huko kwa idadi kubwa. Sheria ya kazi iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikubali mtoto wa miaka 10 aajiriwe. Owen aliishambulia hadharani, habari zikafika London, na mwaka 1938 serikali ya Kenya ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto.

Yafaa tuyaangalie mazungumzo ya wakati ule kwa makini. Wenye mashamba walidai kwamba mtoto anayechuma chai yuko salama kuliko anayerandaranda, na kwamba wazazi wenyewe walitaka mshahara wake. Dai la pili halikuwa uongo mtupu. Baba aliyedaiwa kodi, na mama aliyeachwa peke yake na shamba, waliuhitaji mshahara huo. Lakini dai hilo lilificha chanzo cha haja yenyewe. Serikali ilitoza kodi, kodi ikamtoa baba, kutoka kwa baba kukamtoa mtoto, na mwisho mzazi akahesabiwa kuwa ndiye aliyemtuma mtoto kazini. Mtindo huu wa kumlaumu mzazi kwa matokeo ya umaskini haukufa na ukoloni.

Katika miaka hiyohiyo siwindhe ilianza kutoweka. Wakristo walijenga nyumba za mume, mke na watoto wao. Shule ilichukua saa za mchana na mafunzo ya jioni. Bibi kizee alibaki, lakini cheo cha pim kilikwisha. Paul Mboya alipotoa kitabu chake cha desturi za Wajaluo, *Luo Kitgi gi Timbegi*, mwaka 1938, mengi aliyoyaandika yalikuwa tayari yanahitaji kuandikwa ili yasisahauliwe.

4. Sheria na mwanya wake

Sheria za kwanza za Kenya zilizowahusu watoto zilimtazama mtoto kama mkosaji. Shule ya kurekebisha tabia ya Kabete ilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1909, na wavulana wengi waliopelekwa huko walikuwa wamekamatwa kwa kuzurura na wizi mdogo. Mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari, kiliundwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya. Wakati wa uhuru ilipatikana Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141, ambayo iliongeza wazo la mtoto anayehitaji ulinzi na nidhamu. Maneno hayo mawili kuwekwa pamoja si jambo dogo. Aliyedhulumiwa na aliyedhulumu walifikishwa mahakama ileile, na mara nyingi walipelekwa nyumba ileile.

Iko sheria nyingine ambayo haikutungwa kwa jina la kuzuia dhuluma, nayo iligusa familia dhaifu kuliko hiyo. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa nafasi ya kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo mahakamani. Mwaka 1969 Bunge liliifuta. Wabunge walidai kwamba inawatajirisha wanawake wakorofi na kwamba ni ya kigeni. Bunge hilo lililochaguliwa mwaka 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya, Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, aliingia mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1969, sheria ikiwa imekwisha kufutwa.

Athari zake zilikaa muda mrefu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimwekea mama peke yake wajibu wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ila baba akubali, au amtambue, au aamriwe na mahakama. Ni Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, iliyotamka kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hiyo kwa miaka arobaini na moja yule aliyeitwa kimirwa katika desturi alikuwa karibu kimirwa pia katika sheria ya nchi. Mtu akiuliza kwa nini wasichana wengi wa ukanda wa ziwa walilelewa na bibi zao, au walipelekwa mijini kuwa mayaya wakiwa bado wadogo, sehemu ya jibu imo humu.

5. Bibi anarudi kuwa mlezi

Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Serikali haikuutangaza kuwa janga la taifa hadi mwezi Novemba 1999. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 kiasi cha asilimia 15 ya watu wazima wa Nyanza walikutwa na virusi, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 7. Waliokufa walikuwa wa umri wa kulea.

Erick Nyambedha, Simiyu Wandibba na Jens Aagaard-Hansen walifanya utafiti ng'ambo ya ghuba, katika Bondo, na kuuchapisha mwaka 2003. Waliona kwamba mtoto mmoja katika kila watatu alikuwa amempoteza mzazi mmoja au wote wawili, na mmoja katika kila tisa hakuwa na baba wala mama. Zaidi ya robo ya mayatima walikuwa wakilelewa na watu ambao desturi haikuwatazamia kulea, kama vile jamaa wa upande wa mama au watu baki. Maana ya matokeo hayo ni wazi. Mpango wa kale ulidhani kwamba wafao ni wachache na ndugu wabakiao ni wengi. Hesabu hiyo ilipogeuka, mpango ulielemewa, ingawa walioushika hawakuwa wabaya kuliko babu zao.

Ter nayo iligeuka. Mume wa kurithi aliyepaswa kulisha watoto wa marehemu alikuwa mara nyingine mtu wa kukodiwa ili kutimiza mwiko, akaondoka baada ya siku chache, huku akiacha au akichukua ugonjwa. Kwenye fuo za ziwa, wanawake na wasichana walionunua samaki waliingia katika uhusiano uitwao jaboya, ambamo mvuvi huuza samaki kwa masharti ya mwili. Msichana yatima mwenye wadogo wa kulisha hakuwa na namna nyingi za kukataa.

Hivyo bibi kizee alirudi mahali pa pim, lakini si kwa hali ya pim. Pim wa kale alilishwa na mji aliokaa. Huyu wa sasa alipaswa kulima, kuwauguza wanawe hadi kaburini, kulisha wajukuu, na kutafuta sare za shule. Nchi ya chini ya Nyakach, yenye kupatwa na mafuriko mvua zinapozidi, ilimwongezea mzigo wa kujenga upya. Mlezi aliyechoka namna hiyo hawezi kukesha akiangalia mtoto analala wapi.

Ni katika kipindi hiki ambapo jibu la serikali lilianza kumwelekea mlezi. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kuzipa kaya zenye mayatima fedha taslimu. Ulianza na kaya 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi, kisha ukaenea, na malipo yakafikia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Tathmini yake ilihusisha pia Kisumu, Homa Bay, Suba na Migori. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vijana wa kaya zilizopokea fedha walichelewa kuanza kujamiiana kuliko wenzao ambao kaya zao hazikupokea. Fedha hizo hazikuambatana na mahubiri wala na masharti ya tabia. Zilimpa bibi uwezo wa kununua chakula na daftari, na msichana akapata nafasi ya kukataa. Katika historia yote tuliyoieleza huu ni ushahidi mmojawapo ulio wazi zaidi kwamba kumsaidia mlezi ni kumkinga mtoto.

6. Sheria za sasa

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto mwaka 1990, na Mkataba wa Afrika mwaka 2000. Fimbo ilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001, mwaka uleule ilipopitishwa Sheria ya Watoto. Mwaka 2006 ilifuata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo adhabu yake kwa anayemdhulumu mtoto ni kifungo kirefu, na ambayo hairuhusu jamaa kuifuta kesi kwa kupatana wenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ilitia muhuri. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikatambua rasmi malezi ya jamaa na kafala ya Kiislamu pamoja na njia nyingine za kumlea mtoto bila kumpeleka katika makao ya mayatima.

Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika vijana wa miaka 18 hadi 24, wanawake 32 katika kila 100 na wanaume 18 katika kila 100 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulitoa hesabu ndogo zaidi, kiasi cha 16 na 6. Tofauti hiyo inatia moyo, ingawa hesabu iliyobaki ni kubwa mno. Na mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi Machi kwa sababu ya korona hadi kufunguliwa zote mwezi Januari 2021, ilidhihirika jinsi shule ilivyokuwa imechukua sehemu ya kazi ya siwindhe, yaani kumweka mtoto mbele ya macho ya mtu mzima asiye wa nyumbani kwao.

Pamoja na sheria hizo, kesi nyingi humalizwa nyumbani. Jamaa wa mkosaji huja kwa jamaa wa mtoto, mbuzi au fedha hutolewa, na mtoto huambiwa anyamaze. Wanaofanya hivyo si lazima wawe hawaijui sheria. Mkosaji huenda ndiye anayelipa karo, au ndiye mwenye ng'ombe wa kulimia. Mlezi asiye na riziki yake mwenyewe hupima gharama ya kesi na gharama ya ukimya, naye huchagua ile anayoweza kuilipa.

7. Maneno yenyewe

Tumesema kwamba ukimya una chanzo pia katika lugha. Tutoe mifano michache.

Kwanza ni neno unajisi, ambalo magazeti na mahakama za Kenya hulitumia kwa kosa la kujamiiana na mtoto. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kutia uchafu unaoharibu tohara. Neno hili humsema aliyetendewa kuliko aliyetenda: mtoto ndiye aliyenajisika. Mama akiambiwa apige ripoti kwamba bintiye amenajisiwa, anatakiwa kwa maneno yake mwenyewe atangaze kwamba binti ni najisi. Neno hili, kama chira ya zamani, limebeba kinga na aibu kwa pamoja. Ubakaji ni bora, kwa kuwa humwelekea mbakaji, nako Tanzania hutumika kwa watoto na watu wazima pia.

Pili ni adabu na adhabu. Katika Kiarabu maneno haya yana asili mbili mbalimbali: moja ni ya malezi mema, jingine ni ya mateso. Katika masikio ya Mswahili yamekaribiana hata wengi hudhani adhabu ni njia ya adabu. Methali isemayo mchelea mwana kulia hulia mwenyewe hutajwa mara nyingi kutetea kiboko. Lakini methali haikutaja kiboko. Inamwonya mzazi asiogope kilio cha mtoto anayekatazwa jambo, na kilio cha kukatazwa si kilio cha kuumizwa. Mwalimu wa lugha anaweza kuitenga tofauti hiyo darasani kwa urahisi kuliko afisa yeyote.

Tatu ni yatima na majina yaliyoongezwa juu yake. Katika sharia ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe. Siku za UKIMWI neno lilipanuka likamhusu aliyepoteza mzazi yeyote, kisha likaunganishwa na maneno marefu, watoto yatima na walio katika mazingira magumu. Maneno hayo hayamtukani mtu, nayo yana sifa hiyo. Kasoro yake ni kwamba mazingira hayana jina wala mkono. Hayasemi nani amelichukua shamba la marehemu.

Kwa upande mwingine lugha zetu zina mali isiyotumiwa. Kiswahili hutofautisha kuzaa na kulea, hata mzazi na mlezi si lazima wawe mtu mmoja, wala mmoja hamshushi mwenziwe. Kijaluo kina pidho, neno la kulea mtoto na la kuotesha mti, na kina sando, neno la kutesa na kuonea, ambalo lawama yake yote humwangukia mtesaji. Mkutano wa chifu unaofanywa kwa maneno haya hueleweka hadi safu ya nyuma, wakati ambapo mkutano unaofanywa kwa istilahi za mradi huishia kupigiwa makofi.

8. Hitimisho

Historia ya Nyakach na ukanda wa ziwa inatufundisha kwamba mtoto alilindwa vema zaidi pale mambo matatu yalipokutana: mlezi mwenye riziki, mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuingilia, na maneno yanayomwelekezea lawama mkosaji. Desturi ilikuwa na la kwanza na la pili, ikapungukiwa na la tatu. Ukoloni uliliharibu la kwanza. Sheria za sasa zimeleta la pili kwa njia ya afisa wa watoto, mwalimu na mahakama, lakini riziki ya mlezi bado ni haba na maneno bado hayajasawazishwa.

Kazi inayotuangukia sisi wa idara za lugha si ndogo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yafaa ielezwe kwa Kiswahili rahisi na kwa Kijaluo, si neno kwa neno, bali kwa namna ambayo bibi asiyesoma akisomewa ataweza kusema ni kifungu gani kinamhusu. Istilahi ya kosa kubwa kuliko yote dhidi ya mtoto yafaa ijadiliwe upya pamoja na mahakimu, polisi na wauguzi, kwa kuwa wao ndio watakaoitamka. Na wanafunzi wetu wanaokwenda vijijini kukusanya ngano na methali wangeweza kuwauliza bibi zao habari za siwindhe wakati wangaliko wachache wanaokumbuka walivyolelewa humo, wakaandika pia yale ambayo pim aliyajua na hakuruhusiwa kuyasema.